Injini Apandishwa Mizani ya Mbuta

Mimi hapa Usenge wananiita Hansadi, maana nakumbuka kila upuzi unaosemwa kwa benchi hili, na upuzi haujawahi kuisha. Tunakaa kando ya mizani ya kupimia mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwa. Yahya anauza kahawa, Profesa Joram anagawa maneno bure. Asubuhi hiyo tulikuwa tunamngoja Amolo, fundi wa injini za boti, ambaye sote tunamwita Injini. Alikuwa ametoka hospitali Kisumu siku kumi na nne zilizopita na moyo uliochoka kusukuma damu. Sista Lornah wa dispensari aliagiza apimwe uzito kila asubuhi, na kwa sababu nyumbani hana mizani, akawa anakuja kuning'inia kwa hii yetu. Uzito ukipanda kilo mbili, maji yamerudi mwilini, naye anarudi wadi. Ukitulia mpaka leo, anarudi kazini.

— Atapita, Profesa akasema. Si mimi nilimwambia anywe supu ya kichwa cha mbuta?

— Na ile chumvi yote? Yahya akamwuliza. Sista alikataza chumvi.

— Sista ni mtoto wa juzi. Maji yaliingia kwa miguu. Mtu anasimama ziwani siku nzima akifungua injini, si ngozi inakunywa? Haba na haba hujaza kibaba.

— Omera, ndugu yangu, na yakatoka aje? Yahya akauliza.

— Kwa kukojoa. Ile dawa alipewa, alikojoa wiki nzima. Hamkuona ziwa lilipanda wiki hiyo? Watu wa Asembo Bay walihamisha kuku.

Nilicheka, lakini aibu ilinishika. Injini aliponenepa kilo sita kwa mwezi mmoja, sisi tulimpongeza. Profesa alisema Apiyo, mke wake, anajua kulisha mtu. Mimi nikamwambia viatu vinambana kwa sababu ya raha. Sista Lornah alikuja tu kununua samaki, akamwona, akainama akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale. Akamwuliza analala vipi. Injini akasema analala ameketi, akijinyoosha anakosa pumzi. Siku hiyo hiyo akapelekwa Kisumu.

Sasa akatokea huko chini kwa maboti, Apiyo nyuma yake. Akapanda mpaka kwetu bila kusimama. Mwezi uliopita mwinuko huo alikuwa anaupumzikia mara tatu. Sista, aliyekuwa ameshafika, akamkalisha, akahesabu pumzi zake akitazama saa, akapima presha, akabonyeza mguu. Ngozi ikarudi mahali pake. Halafu tukamfunga gunia chini ya makalio, tukamtundika.

— Sitini na nane, Yahya akasoma.

— Jana? Sista akauliza.

— Sitini na nane, Apiyo akajibu. Na juzi, na siku ya kabla yake.

Akaanza kumfungua gunia.

— Basi fungua injini zako, Sista akasema. Kuzibeba wachia wengine. Na dawa usiache hata ukijisikia simba.

Wamama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwa, wakapiga vigelegele mpaka wanunuzi wakaacha kubishana bei. Yahya akamwaga kahawa kwa furaha. Mimi nililia, sioni haya kusema. Mtu wetu alikuwa amerudi.

— Ile supu, Profesa akaanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sista alikuwa anakunja mashine yake ya presha.

— Wazee, nyinyi mnajua moyo sana. Nani hapa anajua presha yake ni ngapi?

Profesa akatazama ziwa. Yahya akapangusa kikombe kilichokuwa kikavu. Mimi nikatafuta namba kichwani, nikakosa.

— Mia moja ishirini na nne, chini sabini na nane, Injini akasema.

Akasimama, akamshika Profesa mkono, akaanza kumkunjia mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko.

— Sista, usifunge hiyo mashine. Anza na huyu.