Sura ya Délia kwenye Kauri

Kibanda changu cha kahawa kiko pale barabara inapokunja kwenda makaburini. Benchi lililo mbele yake ni la manispaa, ila wanaolikalia wamelifanya la kwao mpaka nyasi za chini zimekata tamaa. Mashine ya kahawa ilikufa tangu Pasaka, nachemsha kwa birika, na Fausto ambaye ndiye fundi umeme wa kijiji kila siku ananiambia kesho. Huyo tunamwita Volti. Mwingine ni Custódio, anayegonga kengele ya kanisa na kujua dhambi za kila padri aliyepita hapa, jina lake Askofu. Wa tatu Adelino, amejengea watu nyumba Ufaransa miaka thelathini, akarudi na gari na maneno mengi, tunamwita Mfaransa. Mimi ni Mama Zulmira wakitaka kahawa, na wee Zulmira wakishakunywa. Siku hiyo ilikuwa mwisho wa Oktoba, mvua tangu alfajiri, na katikati yao alikaa Belarmino, aliyekuwa dereva wa basi la shule. Yeye hana jina la utani, ni mtu asiyetanika. Magotini alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko picha za binti yake Délia, tuliyemzika Agosti.

Kwetu kaburi lisilo na sura halijakamilika. Picha ya marehemu huchomwa kwenye kigae cha kauri chenye umbo la yai, kikabandikwa kwenye jiwe. Watakatifu Wote ilikuwa imekaribia, siku ambayo kijiji kizima huenda makaburini na maua, na kwenye jiwe la Délia pale pa kigae palikuwa bado tundu tupu. Mtu wa karakana ya kauri angepita kuchukua picha kabla ya mchana, la sivyo isingewahi tanuru. Na Belarmino alikuwa hajajua atoe ipi.

– Si utoe ile ya kitambulisho, mambo yaishe – Askofu alianza.

– Niliwapelekea. Wamesema ikikuzwa anakuwa madoadoa.

– Basi ya Komunyo ya Kwanza. Kigauni cheupe, mshumaa mkononi. Mimi nilikuwepo, alipendeza yule mtoto.

– Alikuwa na miaka minane, Custódio. Mimi nimezika mtu mzima.

Askofu akajifanya anapuliza kahawa ambayo ilishapoa.

– Haya, zilete hizo nyingine tuone – akasema Mfaransa.

Belarmino akatoa ya kwanza. Délia amesimama kwenye ukingo wa bwawa, koti lake lile la kijani, mikono mfukoni, na shingoni, badala ya kichwa, kuna kijumba kidogo. Dirisha moja la kijumba lina taa.

– Sasa hapa kichwa kiko wapi? – Askofu akauliza.

– Ndicho hicho – Volti akamjibu. – Amekigeuza nyumba. Anapiga kwa kamera, halafu anaingia kwenye kompyuta anachora juu yake.

– Kule Ufaransa hii wangeitundika ukutani, watu wapange foleni. Lakini kaburini hapana, bwana. Mtu kaja na maua yake, anamtafuta marehemu, anakuta kibanda.

– Kibanda kimekukosea nini? – nikamuuliza. – Kahawa unakunywa wapi?

Ya pili alikuwa na magamba ya samaki uso mzima, kavu, yanayong'aa. Ya tatu ilikuwa ya jikoni. Mezani wamekaa watu watano na wote ni Délia. Mmoja anapakua supu, mmoja anakata mkate, wawili wanacheka, mmoja kainamia sahani. Kiti cha sita kiko wazi na sahani yake imefunikwa. Zilikuwepo na nyingine, mfuko mzima, kila moja ni yeye na hakuna ambayo ni yeye.

– Huyu binti alikuwa anajificha – akasema Askofu. – Mtu mwenye amani moyoni hajiwekei magamba.

– Hajajificha popote – Volti akasema. – Nyie hamjui hivi vitu. Picha ya kompyuta ina matabaka kama kitunguu. Unamenya magamba, unamenya kijumba, chini kabisa unamkuta Délia mwenyewe katulia. Tatizo ni neno la siri tu.

– Kompyuta nilikupa tangu Septemba – Belarmino akasema taratibu.

– Na sijalala, mzee. Nimejaribu jina la marehemu mama yake, jina la mbwa, jina la mtaa. Imekataa yote.

– Jaribu langu.

Volti akatazama viatu vyake.

– Lako ndilo nililoanza nalo.

Mvua ikazidi, wakasogeleana chini ya turubai langu. Nikawaongezea kahawa bila kuombwa, kwa sababu nilitaka mikono yangu iwe na kazi.

– Mimi nina njia – akasema Mfaransa. – Siku hizi kuna mashine, unaipa sura ya baba, unaipa sura ya mama, inakutolea mtoto.

– Ikitutolea mtoto wa watu wengine? – Askofu akauliza.

– Nani atajua?

– Baba yake atajua, hayawani wewe.

– Acheni hiyo – Volti akadakia. – Tunazipanga zote, moja juu ya nyingine. Kijumba kinakutana na magamba, vinafutana. Kinachobaki ndiyo wastani wake. Hiyo ni hesabu, haidanganyi.

– Utapata nyumba yenye magamba – nikasema.

– Na hawa watano mezani? – Mfaransa akainyanyua ile ya jikoni. – Hii kule wana jina lake hospitali. Mtu anaanza kujiona wengi.

– Si ugonjwa, alitamani ndugu – akasema Volti. – Mtoto wa pekee ndivyo alivyo, anajizalia wenzake.

Askofu alikuwa ameshaiva. Akashusha sauti kama padri anayefunga mahubiri.

– Mimi nawaambia, alijua. Alijua anaitwa. Wanaoitwa mapema wanaanza kufuta sura zao kidogo kidogo, ili sisi tunaobaki tusizoee. Mwaka juzi magamba, mwaka jana nyumba, na Agosti mwenyewe hayupo.

Belarmino akaukunja mfuko wa plastiki magotini pake, akaukunjua, akaukunja tena. Hapo nikashindwa kuvumilia.

– Custódio, funga mdomo. Ulikuwa mshipa wa kichwa. Ulipasuka akiwa anaosha vyombo, daktari alisema ungeweza kumpasukia yeyote, hata wewe, na wewe ungeacha picha mia mbili ulizopigwa kwenye maandamano ya Bikira Maria. Mnamsema Délia anajificha. Haya geukeni mtazame ndani.

Hawakugeuka, wanajua kilichomo. Kwenye ukuta wa kibanda, juu ya sukari, zimo sura zao alizotengeneza Délia. Askofu mdomo wake ni kengele. Mfaransa kifua chake ni sanduku la safari lililofunguliwa, na ndani ya sanduku hamna nguo, kuna kitanda kimoja cha chuma, kile cha kule Ufaransa. Siku aliyoletewa alinuna, jioni akarudi peke yake akaitazama mpaka nafunga. Volti amekaa gizani na balbu moja kiganjani, balbu aliyoshindwa kumwashia mke wake alipoumwa. Na mimi nywele zangu ni mvuke. Alinikalisha kwenye baridi hadi mvuke wa birika upande anavyotaka, ananiambia shangazi usicheke, nami nacheka. Nilijiona mzuri mle kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na sioni aibu kulisema.

Kamera yenyewe ilikuwa ya mama yake. Mama ndiye alikuwa mpiga picha wa nyumba ile, kila keki, kila jino lililong'oka. Délia alikuwa na miaka kumi na mbili mama alipofariki, aliichukua kamera akaivaa shingoni, na tangu hapo sikumwona bila hiyo kamba.

– Sisi hatukusema alikuwa mbaya – Mfaransa akanong'ona.

– Nyamaza unywe.

Gari jeupe likasimama. Akashuka mwanamke wa makamo, mwavuli umevunjika ubavu mmoja, mikono ina vumbi la udongo hata kwenye mvua. Akajitambulisha kwa jina la Otília, wa karakana ya kauri, akampa Belarmino pole, akaomba kuziona picha. Nikampa kitambaa cha kufutia mikono. Alizipitia zote akiwa amesimama, polepole, na ile ya kijumba aliirudia.

– Tunajua hazifai, dada – Askofu akamwambia. – Tumekuwa tukibishana hapa tangu asubuhi.

– Kwa nini hazifai? Zote zinachomeka. Tanuru halijali mtu kajivika nini. Mbona ni nzuri, alikuwa na kipaji huyu.

Walitazamana. Ubishi wa asubuhi nzima ukawa umekosa pa kusimama.

– Ila hizi zote amejipiga mwenyewe – Otília akaendelea. – Familia nyingi hupenda nione na ya kawaida, nipate rangi ya ngozi vizuri. Ile mliyompiga nyinyi iko wapi?

– Ipi? – Volti akauliza.

– Yoyote. Hata kama haikutoka vizuri. Ya siku yake ya kuzaliwa, au akiwa amekaa hapo benchini.

Wakatoa simu. Mfaransa akapekua gari lake mbele, gari lake nyuma, sadini wakiwa juu ya jiko. Volti akapekua nyaya. Askofu akapekua maandamano, moja baada ya jingine, akakuta mahali kiwiko chenye koti la kijani pembeni ya sanamu, akakivuta kwa vidole kikubwe, kikawa bado ni kiwiko. Mimi nikatoa yangu. Nina paka, nina mvua ya mawe, nina ile mashine ya kahawa nilipotaka kumwonyesha mtu ilivyoungua. Miaka yote hiyo alipita hapa kila siku, alitupiga wote, na hakuna aliyenyoosha mkono akasema hebu lete hiyo kamera, leo kaa wewe.

Belarmino hakutoa simu. Alikuwa anajua hamna.

– Hakuna haraka – Otília akasema, ingawa haraka ilikuwepo.

Akasubiri, maji yakimchuruzika begani upande wa ule ubavu wa mwavuli uliovunjika.

Hatimaye Belarmino akachukua ile ya jikoni, akaipangusa kwa mkono wa sweta, akampa.

– Weka hii.

– Mzee, hii kigae kizima watakuwa watano. Sura zitakuwa ndogo mno, hazitaonekana vizuri.

– Weka hivyohivyo.

– Belarmino – Askofu akasema, safari hii kwa upole –, watu watauliza huyu ni yupi kati ya hao. Na kile kiti kitupu watasema nini?

– Waseme wanachotaka. Kiti hicho ni changu. Alikuwa ananipakulia, anafunika, anapiga simu hapa kibandani kuuliza kama nimeshaondoka.

Ni kweli, alikuwa anapiga. Mimi ndiye niliyekuwa napokea. Namwambia yuko njiani, mwanangu, huku nammiminia baba yake kikombe kingine.

Otília akaiweka picha ndani ya koti lake isilowe, akaondoka. Kisha Mfaransa akanyoosha kikombe.

– Kahawa imekwisha – nikamwambia. – Ni saa ya chakula. Nendeni makwenu mkale.

Hawakubisha. Volti aliondoka kwanza, halafu Mfaransa, Askofu akawafuata huku kavaa mfuko kichwani kwa ajili ya mvua. Belarmino hakuinuka. Birika lilikuwa bado zito mkononi mwangu, nikammiminia.