Anselme Barrère, Fundi wa Lifti za Pla d'Aulouse

Marehemu Anselme Barrère alizaliwa tarehe 3 Novemba 1949 katika kijiji cha Arrioulet, kwenye milima ya Pirenei, akiwa kitinda mimba wa mzee Justin, mfugaji wa kondoo, na Bi Léontine. Mlima ulikuwa bado wa kondoo. Hakuna aliyejua kuwa watu wangelipa ili wapande juu na kuteleza chini.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Arrioulet, kisha akajifunza ufundi wa umeme mjini Tarbes. Aliporudi mwaka 1968, nguzo za lifti za kuwapandisha wateleza theluji zilikuwa zikisimikwa Pla d'Aulouse, juu ya kijiji chetu. Baba yake alimwuliza, "Utachunga nyaya, wewe?" Akajibu, "Nyaya hazizai usiku, baba." Alizihudumia hadi alipostaafu mwaka 2009.

Katika kazi hiyo ndipo alipompata Huguette Lacoume, mwalimu aliyeleta wanafunzi kutoka Pau na kuanguka kila alipojaribu kukalia kiti cha lifti.

"Dada, kiti si ng'ombe, usikivizie!" Anselme alimwambia.

"Na wewe si mchungaji? Basi kisimamishe!"

Alikisimamisha, lifti yote ikasimama, na watu wa mlima mzima wakaning'inia hewani wakimsubiri mwalimu aketi. Walifunga ndoa tarehe 17 Mei 1975. Mungu aliwajalia binti mmoja, Solène, anayesoma wasifu huu.

Mbio kubwa za baiskeli zilipopita kwetu majira ya kiangazi, mafundi wa lifti waligeuka wasimamizi wa barabara. Julai 1994 Anselme alipangiwa kona iliyo chini ya kilele, na bendera ya njano mkononi. Ukungu ulikuwa mzito. Mwendesha baiskeli mmoja, Joren, Mflemi wa Ubelgiji wa miaka ishirini na mitatu, aliikosa kona na kurushwa korongoni. Anselme alimfuata. Daktari wa mbio alikuwa mbele akihudumia majeruhi wengine, na helikopta haikuweza kutua. Kijana alirudia neno moja tu, na Anselme hakuijua lugha yake. Akadhani anaomba maji, akamlowesha midomo. Akamsimulia habari za kondoo, za lifti, za chochote kilichomjia, ili asikie sauti ya mtu. Joren alikata roho kabla daktari hajafika.

Jioni Anselme alilitamka neno lile mbele ya mwenzake Joren wa timu, naye akaeleza kwamba maana yake ni "baridi". Jaketi la Anselme lilikuwa garini, pale pale juu ya kona.

Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, "Huguette, nilimpa maji." Hakula. Mke wake alimwambia kijana yule asingepona hata kwa jaketi kumi. "Najua," akajibu, "lakini angekufa ana joto." Tangu hapo kibanda cha lifti kilijaa mablanketi, na mtu yeyote aliyetetemeka alifunikwa, atake asitake. Vijana walimtania, "Mzee, tumekuja kuteleza, si kulala!" Naye alicheka nao.

Mwaka 2020 mikono yake ilianza kulegea. Madaktari wa Toulouse waliutaja ugonjwa wa misuli, wakasema kwa upole kwamba hauna dawa. Kwanza spana ilimdondoka, kisha kijiko, kisha miguu ikagoma. Solène alihangaika kutafuta waganga, mashine na maombi. Kila alichopata kilikuja ugonjwa ukiwa umeshapita mbele. Huguette alimlisha supu ya kabichi na maharage, akimfuta kidevu na kumsimulia ya kijijini.

Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2023, akiwa kitandani karibu na dirisha ambalo macho yake hayakuliona tena vizuri, alisikia kitu kikigonga paa.

"Theluji?" aliuliza.

"Mvua, mume wangu."

"Februari?"

"Ndiyo, Februari."

Zamani mwezi huo mlima wetu wote ulikuwa theluji tupu. Huguette anasema alitamani kumdanganya, ila hakuwahi kufanya hivyo na asingeanza siku hiyo. Saa sita mchana Anselme alituacha, mvua ikiendelea.

Ameacha mjane, Bi Huguette, binti, Solène, mkwe, Gratien, wajukuu Maylis na Aubin, na dada yake, Bi Philomène. Tulimpenda na hatukuweza kumzuia. Mungu aliyempa uhai ampokee, na ampe pumziko lenye amani.