Wahudumu Wanaopotea Adhana Ikilia

Benchi la Zayd muuza kahawa liko Bwiza, nchini Burundi, pale kichochoro cha mafundi kinapotokea barabarani, na mwezi wa Ramadhani huwa ni benchi la watu wenye hasira. Siku za kawaida kahawa inamiminwa tangu asubuhi na maneno yanateremka nayo taratibu. Katika mfungo, birika linakaa juu ya makaa tangu alasiri, linanuka tangawizi mtaa mzima, na hakuna wa kuligusa mpaka mwadhini afungue kinywa. Ilikuwa Ramadhani ya miaka ya ambargo, nchi jirani zimefunga mipaka, sukari haionekani, petroli inauzwa kwa chupa, na vita viko milimani, ila siku nyingine vinashuka hadi pembezoni mwa mji. Kwa hiyo watu walikuwa wanafuturu chapuchapu na kukimbilia makwao kabla ya kuvrefe, saa ya marufuku ya kutembea, maana mwanajeshi aliyesimama njia panda hakuulizi kama umeshiba.

Jioni hiyo Tajudini alikaa kwenye ncha ya benchi na jambo lake rohoni. Alikuwa na mgahawa, nyumba ya pili kutoka hapo, unaitwa Chap-Chap: sambusa, mishikaki, chipsi, uji na supu, kula uondoke. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mgahawa wa Mwanamwema, mjane wa ukoo wa Kiarabu wa hapo hapo mjini, aliyeuza vitu vile vile, kwa bei ile ile, vilivyokaangwa kwa mafuta ya duka lile lile. Lakini wateja walikuwa wanavuka barabara kwenda kwake, na kurudi hawarudi. Wote walitoa sababu moja. Wahudumu wa Mwanamwema wana adabu, wana mbio, wanacheka na watu. Wa Tajudini wamenuna kama wake wenza.

Na jana yake mambo yalifika ukingoni. Mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe aliita uji mara tatu wakati wa kufuturu. Kudra, mhudumu wa siku nyingi kuliko wote, alilitua bakuli kwa kishindo, uji ukamrukia mzee kifuani. Badala ya kuomba radhi akamwambia, kama una haraka, ingia jikoni ujipikie. Mzee akainuka, na wateja sita wakainuka naye. Tajudini alipopata habari alimwambia Kudra: kesho baada ya magharibi nitakupa jibu lako. Kudra alijua jibu hilo ni lipi. Alikuwa anaishi Buterere na mama yake na watoto wawili, katika nyumba ambayo maji ya mashamba ya mpunga huingia bila kubisha hodi, na mshahara wa Chap-Chap ndio uliokuwa chungu chao. Tajudini naye alilijua hilo, ndiyo sababu hakulala vizuri.

— Mufukuze, alisema Yahaya. Yahaya aliziba matairi, lakini kwa kuwa alikuwa na maelezo ya kila kitu chini ya jua, kijiwe kilimwita Profesa.

— Mumoja nikimufukuza, watabaki wengine wenye kununa, alisema Tajudini. Mi nataka kujua kitu kimoja tu. Kwa nini wa Mwanamwema wanachekaka, wangu apana? Nimenunua kofia nyeupe, kila mutu yake. Nimeandika kwa ukuta herufi kubwa, MTEJA NI MFALME.

— Hapo ndipo ulikosea, alidakia Moubarak, muuza viatu vya mitumba, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mufalme, hii Burundi, walishamuondoa kitambo. Sasa kliyan wako nao wanaondoka, unashangaa nini?

Zayd alicheka mpaka akakumbuka amefunga, akanyamaza.

— Hilo ni la siasa, alisema Profesa, tuliache. Mi nimefanya utafiti. Tatizo iko kwa sakafu.

— Sakafu?

— Sakafu! Nilichukua gololi ya beringi, nikaiweka kwa sakafu ya Mwanamwema, mulango wa jikoni. Ikakimbia yenyewe mpaka kwa miguu ya kliyan. Nikaiweka kwako, Tajudini. Ikarudi jikoni! Sasa muhudumu wako, serveze, atafika kwa meza namna gani, na sakafu inamurudisha? Yule anapandaka mulima kutwa nzima. Nawe ungenuna.

— Basi Buja yote imeinamia ziwani, alisema Redio. Mbona sisi hatujaanguka ndani?

— Subiri uzeeke.

Tajudini aliutazama mgahawa wake. Kwa nukta moja, Mungu amsamehe, alipiga hesabu ya mifuko ya saruji.

— Apana, siyo sakafu, alisema Redio. Ni sukari. Mwanamwema iko na ndugu yake anavukishaka sukari kutoka Uvira. Serveze wake wanashinda na sukari. Mutu mwenye sukari hanunaki.

— Mchana wa Ramadhani wanalamba sukari? aliuliza Zayd.

— Nani kasema wanalamba? Wanaibeba tu kwa mufuko wa aproni. Harufu inatosha. Na harufu haivunji mufungo.

— Wahenga walisema, aliunga Profesa akiinua kidole, mukono mutupu haulambwi.

— Hiyo inahusiana nini?

— Na kulamba.

Hapo akaja mtu mgeni, mrefu, suruali imejaa matobo ya cheche. Alijitambulisha kwa heshima: Sylvère, fundi wa kuchomelea, amehama Mutakura baada ya milio ya risasi kumchosha, na tangu Jumatatu yuko garaji ya jirani. Bosi wake amemwambia angoje hapa. Walimsogezea nafasi, na Zayd, ambaye hakupenda kuona mtu anakaa bure mbele ya birika, akamwuliza:

— We si Muislamu, mwanangu. Nikumiminie?

— Asante muzee. Lakini nyinyi wote munangoja. Mi nitakunywa vipi peke yangu? Nitangoja na nyinyi.

Neno hilo liliwaingia vizuri. Profesa alimpigapiga bega, kisha akamsahau, kwa sababu Redio alikuwa ameanza kutoa taarifa ya upelelezi. Tajudini alikuwa amemtuma akale kwa Mwanamwema jioni moja, aone siri.

— Nilikutuma mara moja, alisema Tajudini. Nasikia umeenda mara tisa.

— Upelelezi haupendi haraka. Sikia. Unaingia, meza imepanguswa. Unakaa, unaulizwa hali ya watoto. Tende, uji, sambusa, vyote vinawekwa mbele yako vimefunikwa, adhana bado. Mi mwenyewe niliona aibu, mutu ananikaribisha hivyo na nimekuja kumuchunguza.

— Na kasoro?

— Kasoro iko moja. Redio alishusha sauti, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Adhana ikilia tu, wanapotea.

— Nani wanapotea?

— Serveze! Wote! Unainua kichwa unataka chumvi, hakuna mutu. Dakika kumi unaweza kuita mpaka koo ikauke. Halafu wanatokea tena, wote pamoja, wanacheka, wepesi, utasema wamezaliwa sasa hivi. Wanakimbia mpaka unamaliza. Mara tisa nimeona, mara tisa sawasawa.

Profesa alisimama. Macho yalimtoka. Kitu kikubwa kilikuwa kinamjia.

— Subhanallah. Ni nani anakimbiaka akisikia adhana?

Wote walijifunza jibu hilo katika chuo cha Kurani wakiwa na miaka sita.

— Shetani! alisema Profesa. Anakimbia, adhana ikiisha anarudi! Tajudini, ndugu yangu, hawa si watu. Mwanamwema ameajiri majini. Umewahi kuona wamechoka? Dalili ya mvua ni mawingu, dalili ya jini ni kucheka wakati wa ambargo!

— Mmoja nilimwuliza yuko wa wapi, alisema Redio, na nywele zimeanza kumsimama. Akaniambia Buyenzi.

— Atasema nini? Atasema Kuzimu?

— Lakini majini wanalipwa nini? aliuliza Zayd.

— Mifupa. Umewahi kuona mifupa ya mishikaki inaenda wapi?

— Mishikaki haina mifupa, Profesa.

— Unaona? Imeshaliwa!

Tajudini angependa kucheka, lakini mtu anayepoteza wateja hachagui dawa. Aliwaza kumwendea sheikh. Aliwaza pia, na wazo hilo lilimtia haya, kwamba kama ni majini basi kosa si lake, na Kudra anaweza kuondoka jioni hii bila yeye kuumia moyo. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima ya Kongo. Mlangoni kwa Chap-Chap wateja wachache waliobaki walikuwa wanakaa, na Kudra na mwenzake Houda walisimama ukutani na trei mikononi, tayari, wakisubiri kama wakimbiaji wanaosubiri filimbi.

— Wazee, samahani, alisema Sylvère.

Walimgeukia. Walikuwa wamesahau kwamba yupo.

— Mi ni mugeni, na si wa dini yenu, sijui mambo. Nimengoja na nyinyi nusu saa tu. Tumbo inalia, na nimeanza kumukasirikia huyu muzee Profesa, na hajanikosea kitu. Sasa naangalia hawa dada wa pale wenye trei. Adhana ikilia, nyinyi munakula. Kliyan wanakula. Wao wanakulaka saa ngapi?

Redio, aliyejua nani anaoa nani kabla ya bibi harusi mwenyewe, alikuwa anatazama viatu vyake. Zayd alishika mkono wa birika na kuuachia.

— Wanakula baadaye, alisema Tajudini.

— Baadaye ya saa ngapi, Papa?

Tajudini hakujua. Miaka sita Kudra alikuwa kwake, Ramadhani sita, na hakujua. Yeye mwenyewe hufuturu hapa kwenye benchi, na marafiki, kwa sababu mgahawani saa hiyo kuna kelele. Kila mwaka hupeleka sufuria ya uji msikitini kwa watu waliokimbia vita, kwa kuwa anayemfuturisha aliyefunga anapata thawabu kama yake, na kila mwaka hurudi nyumbani ametulia. Sufuria hiyo Kudra ndiye anayeipika.

Basi adhana ikalia.

Zayd alimimina. Tende zikapita mkono kwa mkono, na mgeni akapewa yake. Ng'ambo ya barabara, kwa mara ya kwanza, benchi zima lilitazama mlango wa Mwanamwema badala ya kutazama vikombe. Kweli hapakuwa na mhudumu mezani hata mmoja. Lakini upande wa jikoni pazia lilikuwa limefungwa nusu, na miguu ilionekana: miguu minane ya wahudumu kuzunguka mkeka, na ya Mwanamwema mwenyewe, ya kizee, imekunjwa katikati yao.

— Kumbe, alisema Redio. Siku hiyo kitufe chake cha kuzimia kilipatikana.

Tajudini aliiweka tende yake juu ya benchi, akaenda.

Ndani ya Chap-Chap watu walikuwa wanaita. Uji huku! Dada, sambusa! Kudra alikuwa amebeba mabakuli saba, midomo yake imepasuka kwa ukavu, na alipomwona bosi anaingia alisimama katikati ya meza. Alidhani jibu limekuja mapema.

— Umefuturu? aliuliza Tajudini.

— Bado.

— Jana ulifuturu saa ngapi?

Kudra alifikiri. Hakuwahi kuulizwa.

— Jana nilikunywa maji njiani, kwa robine, bomba la mutu, nikienda Buterere. Nyumbani nilikuta watoto wamelala, basi na mimi nikalala.

— Na juzi?

— Papa Tajudini, kila siku iko vile vile. Wakimaliza kliyan, kuvrefe inakaribia.

Mteja mmoja aligonga meza kwa kijiko. Tajudini hakugeuka. Aliichukua trei mikononi mwa Kudra, akatoa bakuli moja, akaliweka kwenye meza ya karibu, na jingine kando yake kwa ajili ya Houda. Akavuta viti viwili.

— Kaeni.

Houda alikaa mara moja, msichana mdogo hana mashaka. Kudra alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakishika kijiko, akakitazama. Njaa ilikuwa usoni pake wazi, lakini hakula.

— Nikule kwanza, aliuliza taratibu, ndiyo unifukuze?

Swali hilo lilimchoma Tajudini kuliko lile la fundi.

— Apana, alisema. Kula, Kudra. Mukishiba, wewe na Houda, ndiyo mutakuja kunipokea trei.

— We Tajudini, uji wetu! alipiga kelele mtu wa dirishani.

— Unakuja, mzee wangu, unakuja.

Akaiinua trei, mabakuli matano yakigongana kwa sababu mikono yake haikuijua kazi hiyo, akaenda kuwahudumia, naye mwenyewe bado hajafuturu.