Opolot na Mgonjwa Asiyetakiwa Kushtuka

Mzee Zephaniah Opolot anastaafu leo, tarehe 31 Desemba 1969, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuendesha ambulensi ya hospitali yetu. Dereva kama yeye hayuko kutoka Mombasa mpaka Kongo, na mimi Jamiru, dresa wenu wa kufunga vidonda, kote huko nimefika.

Alijulikana kwa mbio. Kuku wa hapa Amukura wakisikia injini yake, wanapanda miti wenyewe.

Lakini Machi mwaka huu aliamriwa aende polepole. Mama Eucabeth Nerima wa Busibwabo alishikwa na kichwa ghafla shambani, kama amepigwa rungu. Shingo ikakauka, kope ya jicho moja ikalegea, jicho likafumba. Watu walisema ni malaria. Daktari akamdunga sindano ya uti wa mgongo, maji yakatoka na damu. Akatueleza: mshipa wa ubongo umevimba kama puto, umevuja. Ukipasuka tena, kwisha. Apelekwe Kampala kwa wapasuaji wa ubongo, asitikiswe, asishtuliwe.

Opolot akaendesha kama amebeba mayai. Nyuma nilishika kichwa cha mama, jasho likinitoka mimi. Sasa huku kwetu, gari la hospitali likitambaa watu wanajua moja tu: limebeba maiti. Karibu na Malaba, wanawake wa sokoni wakaweka mikono kichwani, kilio kikaanza. Mama Nerima akafungua lile jicho moja, akanibana mkono.

Opolot akaruka chini. “Mama zangu, nawaomba! Huyu mzima. Mkilia, mshipa unapasuka!”

“Mzima gani anatembezwa hivyo?” akauliza Amoding, muuza samaki. “Fungua tuone!”

Opolot akafungua mlango wa nyuma. Amoding akatazama, akajiziba mdomo kwa leso. Kisha akatangulia mbele ya gari akiwanyamazisha wenzake kwa mkono, mpaka kwenye kizuizi cha mpakani. Malaba nzima kimya! Hata Nairobi sijaona hiyo.

Kampala walimtia dawa kwenye mshipa wa shingo, wakapiga picha: uvimbe uko nyuma ya ubongo, mahali pa nadra. Wakafungua fuvu, wakalibana shina lake kwa kibanio kidogo. Opolot alikaa kwenye benchi, hakula. Kwa wasiwasi, mimi nilikula cha wote wawili.

Mpasuaji akatoka, akatuita ndani kwa kidole. Mama Nerima alimtazama Opolot kwa jicho moja, akauliza nani amekamua ng'ombe wake. Opolot akaketi sakafuni, akalia bila aibu.

Asante, mzee. Kila asubuhi anayoamka mama huyo ina mkono wako. Nawe Mungu akupe asubuhi nyingi, kijijini kwako Moding, bila mtu wa kukuharakisha.