Languida, Aliyekereza Chuma Nyuma ya Pazia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlio Gisenyi, mlio Goma, mlio huko milimani ambako redio moja inasikilizwa na nyumba kumi, sogeeni.

Leo tunamkumbuka Languida Mukandutiye. Alifariki siku kumi zilizopita kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka ishirini na tisa. Tangazo la msiba lilisema alikuwa mke wa fundi. Ni kweli, alikuwa mke wa Phocas Sebahire, fundi wa kukereza chuma. Lakini Languida mwenyewe alikuwa fundi. Tunarudia, kwa sababu wengi wenu hamkulijua hilo: Languida alikuwa fundi wa kukereza chuma.

Alizaliwa Cyanzarwe, katika nyumba ya wakulima wa viazi. Mwaka 1950 akaolewa na Phocas, akashuka mjini. Nyumbani kwa Phocas kulikuwa na chumba cha nyuma, na humo mashine ya kukereza, inayozungusha chuma kikichongwa, ya kukanyaga kwa mguu. Pazia la kaniki lilitenga chumba hicho na sebule, ambako wateja walipokewa.

Wateja wengi walikuwa mafundi cherehani. Ndani ya cherehani kuna kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka na sindano. Kikichakaa, cherehani inaruka nyuzi. Phocas alivitengeneza, lakini mashine yake ilishika chuma kwa meno matatu, na meno yale yaliacha makovu. Chuma chembamba kilitikisika. Vijiti vikarudishwa, kimoja baada ya kingine.

Mwaka 1953 Phocas akarudi kutoka Goma na sanduku la pensi. Pensi, wasikilizaji, ni bomba fupi la chuma lililopasuliwa mara tatu kwa urefu. Linakumbatia chuma pande zote kwa pamoja, kama ngumi inavyoshika mpini. Haliachi kovu, na chuma kinazunguka kikiwa kimenyooka. Ila kila pensi ina saizi yake. Ya milimita sita hushika milimita sita. Na katika sanduku lile, ya sita, ile ya kijiti cha cherehani, haikuwemo.

Languida ndiye aliyeitengeneza.

Kufikia wakati huo mkono wa kuume wa Phocas ulikuwa umeanza kutetemeka. Hakuna aliyejua sababu. Alimfundisha mkewe kazi, na tuseme haki: alimfundisha vizuri, kwa subira, akisimama nyuma yake. Languida alikereza pensi ile, akaipasua kwa msumeno, akaitia moto wa makaa mpaka ikawa nyekundu, akaizamisha kwenye mafuta. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilipinda. Ya tatu ikashika.

Kisha akatengeneza bloku. Ni kipande cha chuma chenye pande nne zilizo sawa, na tundu katikati la kuingizia pensi. Unafunga bloku kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, unapiga tupa upande mmoja wa chuma chako, unaigeuza bloku, unapiga wa pili, mpaka pande nne zinatimia. Ncha ya mraba inatoka sawasawa, na hukupima kitu. Mdogo wake Languida, Donatha, anakumbuka siku bloku ilipokamilika. Anasema, "Dada alinishika mkono, akaniambia, 'Donatha, gusa hapa. Sasa gusa hapa. Unasikia tofauti?' Mi sikusikia tofauti yoyote. Akacheka sana."

Miaka minne, wasikilizaji. Miaka minne Phocas alikaa sebuleni akipokea vijiti vibovu na kutoa vizima, na Languida alikuwa nyuma ya pazia akikanyaga mashine. Mteja akiuliza ni nani anayekanyaga huko, Phocas alijibu kwamba mke wake anashona.

Siku moja Languida akamwambia, "Baba Uwimana, waambie basi."

Phocas akasema, "Bon, nitawaambia. Lakini wakijua ni mwanamuke, watarudi kweli? Ngojea kidogo."

Languida akangoja.

Machi 1957, bwana mmoja Mzungu, mkuu wa karakana ya mashua ufukoni, aliona mhimili wa pampu uliotoka nyumbani kwa Phocas. Ncha yake ya mraba ilikuwa safi mno. Akaja mwenyewe na mhimili mkononi.

"Ni nani alifanya hii?"

Languida alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika birika la chai. Phocas hakumtazama.

"Ni mimi," akasema.

Akaalikwa karakana, awaonyeshe mafundi wote. Akabeba sanduku la pensi na bloku ya mkewe. Ndayisaba, mume wa Donatha, alikuwa akifanya kazi huko, naye aliyaona yote. Phocas akapewa fimbo nyembamba ya chuma. Ilikuwa ya milimita tano. Mkono ulikuwa unatetemeka, watu wamemzunguka, akaichomeka kwenye pensi ya sita, ile ya Languida. Ikacheza. Badala ya kubadilisha pensi, akachukua spana akakaza. Akakaza tena. Pensi ikapasuka, mlio wake ukasikika hadi mlangoni.

Mafundi wakacheka. Na Phocas Sebahire, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kumtaja mkewe katika kazi hiyo, siku hiyo akamtaja.

"Ni mke wangu," akasema. "Alichezea pensi zangu. Aliziharibu."

Ndayisaba alifika kwa Languida kabla ya Phocas, akamweleza. Languida hakulia. Mumewe alipoingia, alimwomba vipande vya pensi. Akavipeleka dirishani kwenye mwanga, akavigeuza.

"Uliweka chuma gani?"

"Ya sita."

"Baba Uwimana, hii midomo ya pensi imebonyea ndani kupita saizi ya sita. Uliweka ya tano."

Phocas akasema, "Tangu leo usiingie tena mule ndani." Kesho yake akaweka mlango penye pazia, akautia kufuli.

Languida akarudi kwenye jembe. Kwa miezi ishirini alipanda mlima hadi Cyanzarwe asubuhi na kushuka jioni na mzigo wa viazi kichwani. Mafundi cherehani wakaanza kurudisha vijiti. Habiyaremye, anayeshona karibu na soko, alirudisha vitatu kwa mwezi mmoja. Phocas akamwambia chuma cha siku hizi ni kibaya. Habiyaremye anasema, "Nilimuamini. Nilikaa pale nikilaumu chuma, na yule mama akapita mbele yangu na gunia la viazi. Nilimusalimia tu."

Languida alinyeshewa njiani wiki mbili mfululizo. Kikohozi kikageuka homa. Donatha alimuuguza, na anasema siku ya mwisho vidole vya dada yake vilikuwa vinasugua ukingo wa kitanda, huku na huku, vikitafuta kama uko sawa.

Baada ya mazishi, wanaume wa karakana walipokuwa wanaondoka, Phocas alimfuata Donatha nyuma ya nyumba.

"Shemeji," akasema, "pensi yake haikuwa mbovu."

Donatha akamwambia, "Najua. Nenda ukawaambie wale."

Walikuwa hawajafika barabarani. Phocas aliwatazama mpaka wakapotea.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Donatha, aliyetuletea habari hii. Tunampa pole binti wa marehemu, Uwimana, mwenye miaka sita. Tunawapa pole wazee wa Cyanzarwe waliomzika mtoto wao. Nawe Phocas Sebahire, kama unatusikia, pole kwa kufiwa.

Na ninyi nyote, mlio na mashine nyumbani, mlio na mashamba, mlio na maduka: kuna mtu anayefanya kazi mnayosifiwa kwayo. Mnamjua. Mtajeni angali anasikia.

Mwili wa Languida Mukandutiye umelala Cyanzarwe. Alikuwa fundi wa kukereza chuma. Wanaume wa karakana ile ya mashua bado wanaamini kwamba ni yeye aliyeharibu pensi za mumewe. Nao wanatusikiliza, na sasa wameambiwa.