Kamba Namba Moja ya Dugald Rennie

Marehemu Dugald Laird Rennie, mwigizaji, aliyekufa mara thelathini na moja kwenye sinema na mara moja kweli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Port Glasgow, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la mikate. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Thomas Rennie, fundi wa kuchomelea meli, na mkewe Jessie Laird. Wakamfuata Ishbel, ndiye anayewasomea maneno haya, na Malcolm, ambaye mji mzima unamwita Malky. Malky ndiye aliyepelekewa kadi ya kamba namba moja ya kushushia jeneza hili. Mpaka wasifu huu unakwenda kuchapwa alikuwa hajajibu, na wengi wenu mnajua kwa nini tunalitazama lango la makaburi kila gari linapopita.

Marehemu aliagiza asipambwe. Mwenye masikio laini ayazibe sasa.

Baba yao, Tam, alikuwa fundi hodari na mpigaji hodari. Alipiga kwa mkanda, kwa kiatu, kwa mkono mtupu. Ijumaa alipiga kwa sababu ana mshahara, Jumatatu kwa sababu umekwisha. Ni kwake Dugald alikojifunza kuigiza. Akiwa na miaka tisa alikuwa akiwakusanya watoto wa jengo zima na kuwaonyesha jinsi Tam Rennie anavyopanda ngazi akiwa amelewa: mguu mmoja, pumzi, tusi, mguu wa pili. Watoto walikuwa wakicheka mpaka wanashika matumbo. Siku moja kicheko kikakatika ghafla. Dugald akadhani ameigiza vibaya, akaongeza tusi lingine. Tam alikuwa amesimama nyuma yake. Meno mawili yalibaki pale ngazini, na Malky, mtoto wa miaka mitano, akayaokota na kuyaweka kwenye kiberiti kitupu ili kaka yake ayarudishe mdomoni akipona. Alimpenda kiasi hicho.

Dugald alisoma shule ya mtaa huu hadi Juni 1964. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa na mkanda mnene wa ngozi wenye ncha mbili, na Dugald aliuonja mara nyingi hata ikafika siku akamwelekeza mwalimu asimame vipi ili asiumie bega. Alitoka shuleni bila cheti. Akiwa na miaka kumi na mitano akaanza kujifunza kuchomelea chini ya baba yake, na Jumamosi akipigana na vijana wa mitaa ya juu kwa minyororo ya baiskeli. Pua ilivunjika mara mbili. Malky alikuwa akimfuata nyuma kumshikia koti.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo familia hii imelilalia miaka hamsini na mitatu.

Siku ya Mwaka Mpya, Alhamisi, tarehe 1 Januari 1970, saa nane mchana, mama alitoa pai ya nyama kwenye oveni ikiwa imeungua upande mmoja. Tam alikuwa anakunywa tangu jana yake. Alichukua koleo la makaa akampiga mama nalo mkononi, na sote tukasikia mfupa. Dugald alikuwa na miaka ishirini na mabega ya mtu wa kiwandani. Alimwangusha baba yake chini mbele ya moto, akashika beleshi la makaa, akampiga nalo kichwani. Akampiga tena. Damu ilikuwa imefika kwenye miguu ya meza.

Malky, mwenye miaka kumi na sita, alimwambia, "Kaka, inatosha. Utamuua."

"Ndicho ninachotaka," Dugald akajibu, akainua beleshi mara ya tatu.

Malky alivunja chupa ya bia kwenye ukingo wa meza akamchana kaka yake uso, kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo. Shavu lilifunguka. Beleshi likaanguka, na Tam Rennie akaishi miaka mingine karibu mitano ambayo sina hakika kama aliistahili. Samahani. Dada wa marehemu hana hakika.

Askari walipokuja, Dugald, akiwa amejishikilia uso kwa taulo, alisema mdogo wake amelewa na amemvamia bila sababu. Tam alisema ameteleza kwenye ngazi. Malky angefungua mdomo, Dugald angekwenda gerezani kwa kutaka kumuua mzazi, kwa hiyo Malky hakuufungua. Mama alikuwepo, Ishbel alikuwepo, nasi tukanyamaza. Hilo nalo liandikwe. Malky alifungwa miaka miwili katika gereza la vijana. Huko walimvunja mbavu, na mpaka leo haketi mahali ambapo mgongo wake haugusi ukuta.

Mwaka 1971 kundi la waigizaji kutoka Glasgow lilikuja kiwandani likitafuta wanaume wenye sura za kweli kwa ajili ya mchezo kuhusu mgomo. Mwongozaji alimtazama Dugald mara moja tu. Alipewa kazi ya kusimama mlangoni bila kusema neno, na watu wa mstari wa mbele walihamisha viti vyao nyuma. Baada ya hapo ni London, kisha Marekani, na mengine mnayajua kuliko sisi. Alinyonga, alichoma visu, alizamisha watu kwenye beseni, naye akapigwa risasi, akachinjwa, akatupwa kutoka kwenye treni. Mama alikuwa anakwenda sinema na kalamu kuhesabu vifo vyake, na akirudi majirani wakimuuliza picha ilikuwaje, alikuwa akijibu, "Kafa vizuri." Waliojaribu kulifunika lile kovu kwa poda aliwafukuza. Alijua kilichompa mkate.

Magazeti yalipomuuliza kovu limetoka wapi, alisema amevamiwa na watu watatu wenye nyembe chini ya daraja la reli. Mwaka 1976 wakawa sita. Kufikia mwaka 1983 walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao alikuwa amewatupa mtoni. Malky alikuwa akizisoma habari hizo akiwa anasubiri kunyolewa, analikunja gazeti, anamsalimia kinyozi na kuketi kwenye kiti cha ukutani.

Tam alifariki Novemba 1974. Mkono uliomwosha na kumlisha mwaka wake wa mwisho ulikuwa wa Malky. Mnajua desturi yetu: maiti hashushwi na wachimba kaburi, hushushwa na watu wake, kwa kamba nane, kila kamba ina namba na kila mwenye kamba ana kadi. Namba moja ni ya kichwani. Kumnyima ndugu kamba ni kumwambia mbele ya watu kwamba hakuzaliwa. Dugald alishuka kutoka London na koti lenye kola ya manyoya, akaandika orodha kwa mkono wake mwenyewe, akajipa namba moja. Namba nyingine zikaenda kwa wajomba, kwa majirani, hata kwa mtu aliyekuwa akicheza karata na baba. Malky hakupewa kadi.

Jeneza likiwa nusu ya shimo, Malky alitoka kwenye umati akaishika kamba ya kichwani juu ya mkono wa Dugald. Dugald akaachia mkono mmoja akampiga ngumi ya koo. Malky akamrudishia kwa kichwa, puani. Kamba ikakimbia, jeneza likaenda chini kwa upande wa kichwa, na mfuniko ukapasuka kwa sauti ambayo waliokuwepo hawajaisahau. Walitenganishwa juu ya kaburi na watu sita, nguo zao za msiba zikiwa na matope na damu. Mama hakulia. Alichungulia shimoni akasema, "Hata leo, Tam, wamekupiga." Ndugu hao wawili hawakusemezana tena. Wahenga walisema ndugu wakipatana chukua kapu ukavune. Kapu la nyumba yetu lilikaa tupu miaka arobaini na minane.

Dugald alimwoa Catriona Bain wa Inverness tarehe 3 Juni 1978, nao wakajaliwa binti mmoja, Effie. Ilikuwa ndoa yenye kicheko kingi na milango mingi iliyovunjwa. Machi 1986 alimpiga mkewe mara moja, na Catriona, ambaye hakulelewa kwenye nyumba kama yetu, aliondoka siku hiyo hiyo na mtoto na sanduku moja. Dugald alituambia kwamba alipojitazama kwenye kioo aliona Tam mzima, bila haja ya kuigiza. Hakugusa pombe tena mpaka kufa. Catriona yuko hapa leo, na tunamshukuru kwa kuja.

Mali alipata, tusifiche. Alikuwa na nyumba California yenye bwawa la kuogelea ambalo hakujua kuogelea ndani yake, na shamba Perthshire lenye maili mbili za mto wa samaki. Alimnunulia mama nyumba yenye bustani. Mama akaenda kuitazama, akasema haina majirani wa kugombana nao, akarudi ghorofa ya tatu. Malky, fundi bomba, alinunuliwa nyumba Gourock inayotazama mto. Funguo zilirudi kwa posta, zimeviringishwa kwenye gazeti. Dugald alilifungua gazeti akakuta ni ule ukurasa wa watu kumi na mmoja. Alikaa nalo mapajani mpaka chai ikapoa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Alificha kansa ya mapafu mwaka mzima kwa kuogopa kunyimwa kazi, na aliporudi nyumbani kwa Ishbel, Septemba 2022, alikuwa amebaki kovu na macho. Alimwomba Malky aje. Ishbel alipiga simu, na Malky akasema amwambie kaka yake kwamba ana kazi. Amestaafu miaka mitano sasa. Ishbel alimtukana kwenye simu matusi ambayo hayachapwi, naye akasikiliza yote mpaka mwisho, akasema asante, akakata.

Siku kumi kabla ya kufa, Dugald aliagiza kalamu na orodha ya kamba.

"Namba moja mpe Malky," alisema. "Na siku hiyo usome ukweli wote. Mimi nimesema uongo kwa miaka hamsini na nimelipwa vizuri."

Ishbel akamwambia, "Kaka, huyo mtu ana hasira. Akiiachia kamba je? Mbele ya mwanao?"

"Basi nitaanguka. Baba alianguka kwa sababu yangu, nami sikuinama hata kumtazama." Akapumzika kidogo, kisha akasema, "Kama hakuja, kamba isishikwe na mtu mwingine. Ilale chini."

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu. Effie alikuwa amemshika mkono.

Ameacha dada, Ishbel, mdogo wake, Malcolm, binti, Effie, wajukuu wawili, Rory na Senga, na Catriona, aliyekuwa mkewe. Sasa msimamizi wa mazishi ataita namba za kamba, kuanzia ya pili. Ya kwanza ataiita mwisho.

*

Maneno haya yameongezwa kwa ajili ya ndugu walio ng'ambo na wengine waliokosa kufika.

Namba mbili, Effie, alisimama miguuni. Waliitwa wengine hadi nane, wote wakashika. Msimamizi akaita namba moja, akangoja. Kamba ililala kwenye nyasi. Akaita mara ya pili, na Ishbel akawa tayari kumwambia aanze, kwa sababu mvua ilikuwa inaingia.

Malky alikuwa amesimama nyuma kabisa, mgongo ukiwa ukutani, amevaa koti lake la kazi. Kumbe alikuwepo tangu neno la kwanza. Alipita katikati ya watu, nao wakampisha upesi, maana wazee walikumbuka mwaka 1974 na baadhi walikwisha kusogeza wake zao mbali na shimo. Aliinama akaokota kamba, akaizungusha kiganjani mara mbili. Akamtazama Effie, ambaye alikuwa hajawahi kumwona.

"Usiogope, binti," alimwambia. "Fuata mkono wangu."

Ubao uliokuwa chini ya jeneza ukaondolewa, nalo likaning'inia kwenye kamba. Lilikuwa zito, mti wa mwaloni mtupu, na upande wa kichwa ndio mzito zaidi. Malky alimshusha kaka yake kidogo kidogo, bila kutikisa, mpaka chini. Wengine wakaachia kamba zao zikaangukia juu ya jeneza, kama desturi. Yeye hakuachia. Alibaki ameinama, amekaza ngumi, na msimamizi alipomgusa bega hakusikia.

"Watu kumi na mmoja, eti," alisema akitazama shimoni.

Akacheka. Kisha kicheko kikageuka, na mzee wa miaka sitini na tisa akalia kwa sauti kama yule mtoto wa kiberiti, mbele ya mji mzima, wala hakuna aliyetazama pembeni. Ishbel ndiye aliyemfungua vidole. Kamba ilikuwa imemkata kiganja.

Dugald Rennie alishushwa taratibu, na mkono wa ndugu yake. Apumzike hivyo hivyo.