Simba Hakutumwa na Mtu

Baba Paroko, wazee wa msikitini mliokuja kutufariji, ndugu wa Lionja na majirani wa Nahanga, familia inaomba mtulie kidogo mumsikilize Domitila kwa mara ya mwisho, maana mama huyu aliishi na hofu kwa miaka mingi, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Marehemu Domitila Evarist alizaliwa Lionja, wilayani Nachingwea, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa mzee Evarist na mama Getruda, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka 1971. Mwaka 1974 familia yao, kama nyingine nyingi, ilihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zikawa huku na mashamba yakabaki kule msituni, na ndipo wakulima walipozoea kulala shambani, kwenye dungu, kijibanda cha nyasi cha kulindia mazao.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na marehemu Lukasi, mkulima wa korosho wa Nahanga, Ruangwa, wakajaliwa watoto wanne, Protasi, Brigita, Catherine na Fidelis. Kazi yake ilikuwa kilimo, na kwa miaka kumi na miwili aliongoza jumuiya ndogondogo ya hapa kijijini.

Katika miaka ya tisini salfa ya kupulizia mikorosho ilikuwa haishikiki kwa bei, ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukaunguza maua, Lukasi na wenzake wakafyeka msitu ili wapate ufuta na mahindi, wachoma mkaa wakaingia nyuma yao, wawindaji wakamaliza swala, wakabaki nguruwe pori, ambao hawakuwa na pa kwenda ila kwenye mahindi ya watu. Domitila aliyaona hayo yakija moja baada ya jingine, akamwambia mumewe kwamba analiogopa dungu, mumewe akamuuliza mahindi yakiisha watoto watakula nini.

Alfajiri ya tarehe 22 Aprili 2001, Lukasi alitoka dunguni kwenda kufukuza nguruwe, simba akamchukua. Domitila alikuwa kando ya dungu akichochea moto wa uji, akasikia sauti moja tu, akaona mahindi yakitikisika kuelekea msituni, na watu walipofika walimkuta amesimama palepale na mwiko mkononi.

Kabla ya arobaini watu wengine wawili waliliwa, kijiji kikawa kinajifungia ndani jua likingali juu, na maneno yakaanza kwamba huyu si simba wa porini, ni simba wa kutumwa, na aliyemtuma ni bibi Rabia, mjane aliyekuja kutoka Msumbiji wakati wa vita na kuishi peke yake pembeni ya kijiji. Tarehe 24 Mei, mchana, vijana walimtoa nyumbani kwake, wakamkalisha chini mbele ya ofisi ya kijiji, mapanga mikononi, na Jonasi, mdogo wake Lukasi, ndiye aliyewatangulia.

Domitila alifika mbio hata kanga ikamdondoka begani, na baadaye alisema mwenyewe kwamba siku ile aliwaogopa wale vijana kuliko simba, lakini alikwenda akaketi chini, ubavuni mwa bibi Rabia.

"Shemeji," Jonasi akamwambia, "unakaa na aliyemla kaka yangu?"

"Kaka yako aliliwa na simba, si na bibi huyu," alijibu. "Simba alifuata nguruwe, nguruwe wakafuata mahindi, na sisi tukaenda kulala katikati yao. Mkishamuua bibi, kesho mtalala wapi? Si dunguni tena?"

Vijana wakayaweka mapanga chini mmoja mmoja, na mzee Awadhi, mwenyekiti wa kijiji, akapata nguvu ya kuamuru bibi arudishwe kwake. Hata hivyo bibi Rabia hakuweza tena kupata usingizi Nahanga, wiki ileile akahamia kwa mpwa wake kijijini Naipingo, akafia huko. Mwezi Julai askari wa wanyamapori walimpiga risasi simba yule ndani ya shamba, akiwa juu ya mzoga wa nguruwe, na Jonasi akaja kukaa barazani kwa shemeji yake, kichwa chini.

Tangu hapo Domitila alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu walime karibu na kijiji, mashamba yakigusana, wasilale tena porini, na kaya kadhaa zilikubali, lakini ufuta ulipopanda bei wengi walirudi msituni, na mwaka 2005 jirani yetu Teofili akachukuliwa na simba mwingine. Hadi mwisho, mama huyu hakuweza kuona nyasi zikitikisika akaendelea kutembea.

Novemba 2007 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akalazwa hospitali ya misheni, akafariki tarehe 19 Februari 2008, akiacha watoto wanne na wajukuu watano. Siku zake za mwisho alimuuliza Brigita, aliyekuwa akimuuguza, kama mwaka huu wapo wanaolala dunguni, na Brigita alitaka kumdanganya, akashindwa.

"Wapo, mama."

"Waambieni warudi nyumbani," alisema, na hakuzungumza tena jambo jingine la shamba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanajumuiya, majirani wa dini zote mbili, na Jonasi aliyempeleka hospitali kwa baiskeli yake. Wanaolala dunguni mpo hapa, nasi tumewaambia kama alivyotuagiza. Mama Protasi, pumzika sasa, Mungu akupe amani.